Kitanda cha Kisirani

Binti yangu alinipa shanta lake kwa masharti mawili. La kwanza, nisilipige pasi. La pili, katika siku zote nne nitakazokaa kwenye huo mji wa kale wa pwani, nisitandike kitanda cha mtu, hata changu mwenyewe.

"Mama, unakwenda kupumzika. Hilo neno unalijua?"

"Nisilijue? Mwaka wa thelathini na moja huu nawatandikia watu wapumzike."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Akaapa kwamba sitafika siku ya nne, nami nikaapa kwamba nitazimaliza zote nne nimekunja mikono kifuani. Ukoo wetu ndivyo ulivyo. Hata zawadi haipokelewi bila ubishi.

Yeye alitia ndani ya shanta kandambili, taulo na mafuta ya jua. Mimi nikaongeza barua na kalamu kwenye mfuko wa mbele, na hilo sikumwambia.

Barua ilitoka kwa meneja wa hoteli yangu. Wanaleta shuka mpya, za lastiki, zile unazolivisha godoro kama kofia. Hazikunjwi pembe, kwa hiyo hahitajiki tena mtu wa kufundisha kukunja pembe, na mtu huyo ni mimi. Basi nihamie stoo ya sabuni, niweke sahihi kabla ya Jumatatu. Nisipotaka, tuagane kwa amani. Hiyo "kwa amani" waliiandika wao, si maneno yangu.

Stoo haikuniuma. Iliyoniuma ni sentensi moja ya katikati: "Kazi hii haihitaji tena ujuzi maalumu." Niliisoma mara nyingi mpaka karatasi ikaanza kukatika kwenye mikunjo. Na sitaki kudanganya, kilichonikera zaidi ni kwamba nilikuwa nimeanza kuiamini. Mwashi akifa anaacha nyumba. Seremala anaacha milango. Mimi nikitandika saa nne asubuhi, jioni mtu kashavuruga, kesho naanza upya. Miaka thelathini na moja, hebu nionyeshe nilichoacha. Ndiyo maana nilibeba na kalamu.

Na ujuzi ulikuwapo, jamani. Zamani hoteli yetu ilinunua shuka ambazo zikifuliwa zinarudi, zinakuwa fupi, mgeni akigeuka mara mbili tu yuko juu ya godoro tupu. Mimi ndiye niliyekaa na godoro lile, siku baada ya siku, mpaka nikapata mkunjo wangu. Unaingiza shuka upande wa miguuni, unanyanyua ukingo wa ubavuni mpaka upate pembetatu, na kabla ya kuishusha unakunja pindo kwa ndani, vidole viwili tu, halafu unasukuma kwa kiganja kilichotazama chini. Hapo hata mgeni arushe mateke kama punda, shuka haitoki.

Niliwafundisha wasichana wengi, na sikuwafundisha kwa kubembeleza. Kitanda kikilegea nakivua chote, nasema, "Rudia." Nyuma ya mgongo wangu wakaniita Bi Kisirani. Nilijua, na nilichukia. Mmoja nilimrudisha kwenye kitanda kimoja mara kumi na moja. Alikuwa mpole, mikono mizito, nikampa jina la Kobe. Mara ya kumi na moja nilipokivua alilia, akafungua aproni, akaitundika kwenye kitasa cha mlango, akaondoka. Sikumwona tena. Miaka tisa sasa, na bado nikiona aproni kwenye kitasa moyo unanidunda.

Basi nikafika. Nyumba ya wageni ilikuwa ndani ya kichochoro chembamba, kiasi kwamba mkikutana wawili lazima mkubaliane nani ageuke ubavu. Kuta nene, ngazi za mawe zilizolika katikati kwa miguu ya watu. Kijana wa mapokezi alinitazama, akatazama mvi zangu, akatabasamu vizuri sana.

"Shikamoo mama. Wafanyakazi wapya wanapitia mlango wa nyuma."

Mimi! Nikavuta pumzi.

"Marahaba, mwanangu. Mgongoni kwangu unaona nini?"

"Begi, mama."

"Na wale wawili waliopita sasa hivi, migongoni walikuwa na nini?"

"Mabegi."

"Wamepitia mlango gani?"

Maskini, alitamani meza immeze. Akaomba radhi mara tatu, akanipa kitanda bora cha chini, karibu na dirisha, kwenye chumba cha watu sita. Moyoni nilimsamehe upesi. Watu wa umri wangu huja na sanduku na wajukuu, au huja na ufagio.

Wenzangu chumbani walikuwa vijana watupu. Mmoja aliyejaa ndevu mpaka machoni, ambaye wenzake walimwita Ndevu, alinisaidia kushusha shanta, akauliza kama nimepotea.

"Sijapotea. Natembea kama wewe."

"Peke yako, mama?"

"Kwani wewe umekuja na mama yako?"

Tangu hapo tukawa marafiki.

Niliahidi kutogusa, lakini kutotazama sikuahidi. Nikakizunguka kitanda changu. Shuka imenyooka, foronya imekaa, mdomo wake umegeukia ukutani kama inavyotakiwa. Nikatafuta kosa nikalikosa, na kwa kweli nikaudhika kidogo. Nikalala.

Siku ya pili ilinifunza maana ya neno lile la binti yangu. Niliamka jua limeshapanda. Nikanywa chai ambayo sikuipika, nikaacha kikombe mezani, nikaondoka bila kugeuka nyuma, ingawa shingo iliwasha. Nikatembea na Ndevu na wenzake kufuata mtembeza wageni, mwanamume mfupi mwenye sauti kubwa, akituonyesha ngome ya zamani, visima vilivyofukiwa, milango iliyochongwa. Mchana nikakaa kwenye ukuta wa bahari, miguu ndani ya maji, samaki wa kukaanga kwenye karatasi, nikala kwa vidole huku chumvi ikinikauka usoni. Kisha nikalala mchana kweupe bila kuumwa. Sikumbuki mara ya mwisho nilifanya hivyo.

Ila kuna jambo moja lililonichoma. Kwenye ukuta wa ngome mtembeza wageni alisimama, akaweka kiganja chake juu ya lipu.

"Tazameni. Mtu aliyepiga lipu hii aliweka mkono wake hapa ikiwa mbichi. Alama ya vidole vitano hii. Jina lake hatulijui, kaburi lake hatulijui, lakini kazi yake mpaka leo mnaipiga picha."

Wote wakapiga picha. Mimi nikasimama pale nikimwonea wivu marehemu. Kweli kabisa, mtu mzima, mvi kichwani, namwonea wivu maiti kwa sababu yeye alipewa lipu na mimi nilipewa shuka.

Jioni binti yangu akapiga simu.

"Umetandika?"

"Sijagusa."

"Haki ya Mungu?"

"Haki ya Mungu! Hata kikombe nimekiacha mezani."

"Mama, unaumwa?"

Siku ya tatu asubuhi vijana walikwenda kuogelea. Nikabaki peke yangu chumbani. Nikasema yaishe. Nikatoa barua, nikaiweka juu ya goti, nikafungua kalamu. Wino ulikuwa umegoma, nikawa nachorachora pembeni mwa karatasi ili uanze kutoka. Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke kutoka chumba cha pili.

"Vuta! Vuta, shuka haina mama!"

Kalamu ikaniponyoka. Maneno hayo ni yangu. Nilikuwa nikiwaambia wasichana wanaoishika shuka kwa huruma, kana kwamba itaumia na mama yake aje kulalamika. Sijawahi kumsikia mtu mwingine duniani akiyasema.

"Na hii pembe ndiyo umeipiga kisirani?" sauti ile ikaendelea. "Kisirani gani hiki? Rudia."

Damu ikanipanda. Nikajua yule kijana wa mapokezi kanisimanga kwa wenzake kwa sababu ya maneno ya mlangoni, na sijui wapi wamelipata jina langu la nyuma ya mgongo, na sasa wananicheza shere kwenye nyumba ninayokaa kama mgeni. Nikatoka na barua mkononi, nikausukuma mlango wa chumba cha pili.

"Nani anaitwa Kisirani humu?"

Walikuwa wawili. Mmoja ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, funguo kiunoni, ndiye msimamizi wa vyumba. Mwingine ni msichana mgeni kazini, ukingo wa shuka mkononi, macho kama aliyefumaniwa.

"Shikamoo mama," msimamizi akasema. "Samahani, tumekupigia kelele?"

"Marahaba. Mimi nauliza kisirani gani."

"Si mtu, mama," msichana akadakia. "Ni hii hapa, huu mkunjo wa pembe. Kitanda kikikunjwa hivi tunasema kimepigwa kisirani. Nyumba zote za wageni mji huu ndivyo tunavyosema. Shuka ikishaingia haitoki, inakuwa na kisirani."

Nikainama. Niliahidi kutogusa, basi nikaweka mikono nyuma, nikainama mpaka mgongo ukalia. Pembetatu. Pindo la ndani. Kiganja kilichotazama chini kimeacha mfuo wake ubavuni mwa godoro. Mkunjo wangu, mbali na kwetu kwa safari ya siku nzima, umekaa kwenye kitanda cha watu nisiowajua.

"Usimdanganye mama," msimamizi akamwambia mwenzake. "Lilikuwa jina la mtu. Bi Kisirani. Mwanamke mmoja huko mbali, mkali huyo, weee! Kitanda kimoja anakurudisha mara kumi na moja. Ndiye aliyemfundisha mwalimu wetu, na mwalimu akatufundisha sisi. Mungu amrehemu."

"Amrehemu kwani amekufa?"

"Ah, mama, atakuwa alishakufa zamani. Watu wa hasira vile hawaishi sana. Presha."

Nikarudi kuitazama ile pembe.

Msichana, kwa kuona mgeni anasikiliza, akataka kunionyesha. Akauvua ule ukingo, akaunyanyua, akaanza upya. Nikaona anahangaika. Mkono wa kulia umekaa bure kiunoni, wa kushoto ndio unaosukuma, na unasukuma kwa shida kama mtoto anayejifunza kijiko.

"Wewe mashoto?"

"Hapana, mama. Naandika kwa wa kulia."

"Mbona unakunja kwa wa kushoto?"

"Ndiyo sheria. Kisirani hupigwa kwa mkono wa kushoto. Mwalimu alisema ukitumia wa kulia pembe inageuka."

"Sote tunatumia wa kushoto," msimamizi akathibitisha. "Tuko wanane humu, na hakuna mashoto hata mmoja. Mwanzoni kifundo kinauma, baadaye unazoea."

Nikaketi. Nikaketi juu ya kitanda kilichokwisha kutandikwa, kosa ambalo kwangu ningemtoa mtu chumbani kwa sikio. Mimi ni mashoto. Utotoni nilichapwa kwa ajili ya mkono huu, nikafungiwa kitambaa ili niandike kwa wa kulia kama wenzangu. Nilipobuni mkunjo wangu niliubuni kwa mkono nilionao. Kumbe Kobe, aliyekuwa haelewi, alinakili kila kitu, hata ulemavu wangu akaufanya sheria. Na sasa mji mzima, watu wenye mikono yao ya kulia mizima kabisa, wanajitesa asubuhi baada ya asubuhi ili wafanane na mimi.

Nilicheka na machozi yakatoka, vyote kwa pamoja. Msimamizi akamtuma msichana akalete maji.

"Mwalimu wenu," nikauliza, "anaitwaje?"

"Anajiita Kobe. Tulimwambia abadilishe, akakataa. Anasema alipewa na Bi Kisirani na ndicho cheti pekee alichopata kule. Sasa ni mkuu wa wahudumu wa vyumba kwenye hoteli kubwa ile ng'ambo ya ghuba."

"Na huyo Bi Kisirani, Kobe alimsemaje?"

Msimamizi akafikiri kidogo. "Alisema alikimbia kabla ya mara ya kumi na mbili. Ila alipofika nyumbani aliivua shuka yake mwenyewe, akairudia kwenye godoro lake, na ile ya kumi na mbili ikakaa. Alilia peke yake kwa kuwa hapakuwa na wa kumwonyesha. Alitamani kurudi, akaona aibu. Ndiyo maana hapa kwetu mtu harudishwi zaidi ya mara kumi na moja. Ya kumi na mbili lazima ikae."

Msichana alirudi na maji, nikanywa. Kisha akaendelea na pembe yake, nami nikatazama vidole vyake vikikunja pindo, na mimi na msimamizi tukasema kwa sauti moja, kwa pamoja, kama tuliofanya mazoezi:

"Viwili, si vitatu!"

Msimamizi akageuka polepole, akanitazama mvi, akanitazama mkono wa kushoto ulioshika gilasi.

"Mama," akasema, "wewe ni nani?"

"Mimi ndiye marehemu," nikamjibu.

Alipiga yowe lililomfikisha kijana wa mapokezi mlangoni. Sijui alidhani nini, alikuja na kizima moto. Dakika mbili baadaye wote wanane walikuwa chumbani, wengine na ndoo, mmoja na povu mpaka kwenye viwiko, wananitazama kama wale watalii walivyoutazama ukuta wa ngome. Mmoja akaomba kunigusa mkono. Nikampa.

Msimamizi alikuwa ameshampigia Kobe. Aliongea haraka haraka, akanipa simu. Upande wa pili, sauti ile ile nzito ya pole:

"Shikamoo, Bi Kisirani."

Miaka yote nililichukia jina lile. Siku hiyo liliingia sikioni kama cheo.

"Marahaba, Kobe. Mwanangu, nina neno la miaka tisa. Ile ya kumi na moja ilikuwa nzuri. Nilikuwa na hasira zangu tu, nikakuonea. Nisamehe."

Nikasikia anapenga kamasi.

"Haikuwa nzuri, mama," akasema. "Ilikuwa vidole vitatu."

Wallahi nilimpenda mtoto yule! Tukacheka mpaka simu ikajaa kelele. Akasema kesho anavuka ghuba kuja kunichukua, ana wasichana kumi na wanne wanaodhani mimi ni hadithi ya kuwatishia. Nikamwambia awaambie wapunguze kucha.

Nilipomrudishia msimamizi simu yake nikaona nina kitu mkononi. Barua. Nilikuwa nimeikunja wakati wote ule bila kujua, na nikwambie nilivyoikunja? Pembetatu, pindo kwa ndani. Nikaifungua juu ya meza ya mapokezi, nikaomba kalamu inayoandika, na pale penye nafasi ya sahihi nikaandika:

"Bwana Meneja, stoo siendi. Ulisema kazi hii haihitaji ujuzi maalumu. Mimi niko kwenye mji ambao kila kitanda kinakanusha maneno yako. Lastiki hulegea, na zitakapolegea utanitafuta, utanikuta nafundisha. Tuagane kwa amani, ninayo ya kutosha."

Chini yake sikuweka jina la kwenye kitambulisho. Nikaandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa: Bi Kisirani. Kijana wa mapokezi akaipiga picha na kuituma mbele ya macho yangu.

Halafu nikakunja mikono ya gauni. Nikawafundisha wale wanane kupiga kisirani kwa mkono wa kulia, na ungewaona! Mmoja alikaribia kulia kwa raha ya kifundo. Lakini msimamizi alikataa katakata. Akasema wenzake wafanye wapendavyo, yeye atakufa na wa kushoto, na nusu yao wakamfuata. Nikawaacha. Mimi nani wa kubishana na sheria?

Jioni nilikaa tena kwenye ukuta wa bahari, miguu majini, na simu ikaita.

"Umetandika?"

"Nimetandika."

"Nilijua!" Binti yangu akapiga kelele za ushindi, nikamsikia akiwaita majirani wawe mashahidi. "Nilisema hufiki siku ya nne! Haya, sema ukweli. Vitanda vingapi?"

Nikageuka nyuma, nikayatazama madirisha ya nyumba zile za mawe, ghorofa juu ya ghorofa, taa zinaanza kuwashwa moja moja, na nyuma ya kila dirisha kitanda.

"Mji mzima, mwanangu," nikamwambia.